Adrian Atiman: Mtoto wa utumwani aliyekuwa tabibu wa Karema kwa miaka 67

Huduma ya afya vijijini leo huhesabiwa kwa majengo, vifaa, dawa na watumishi. Zamani, katika sehemu kubwa ya nchi hii, haikuwa na cha kuhesabiwa. Mgonjwa aliyeshikwa na homa kali, mama aliyeshindwa kujifungua au mtoto aliyeng'atwa na nyoka alitegemea ujuzi wa wazee wa kijiji chake na rehema ya Mungu. Hata hivyo, katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika palikuwa na sehemu moja ambako mambo yalianza kuwa tofauti mapema. Mahali hapo ni Karema, ambayo leo iko katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Aliyeleta tofauti hiyo alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mbali na ziwa hilo, akanyang'anywa utoto wake na wafanyabiashara wa watumwa, kisha akatumia miaka 67 ya uhai wake kuwatibu watu ambao hakuzaliwa kwao.

Jina lake ni Adrian Atiman. Maisha yake yanastahili kukumbukwa na kila anayefuatilia safari ya huduma za afya nchini, kuanzia wananchi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi wale wa vilima vya Murukulazo na vijiji vingine vya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Yanaonyesha faida ya kuwa na tabibu anayekaa na watu. Yanaonyesha pia hatari ya kuiacha afya ya watu wote ibebwe na mtu mmoja.

Utoto ulionyang'anywa

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya Mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Jangwa la Sahara lilikuwa bado na njia za misafara iliyobeba chumvi, dhahabu, nguo na wanadamu. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wavamizi wa Kituareg, akatengwa na wazazi wake, akapelekwa kaskazini kuvuka jangwa kama bidhaa nyingine yoyote. Hakuwaona tena wazazi wake.

Msafara uliombeba ulifika Metlili, mji wa jangwani kusini mwa Algeria. Huko alikutana na Wamisionari wa Afrika, shirika linalojulikana pia kama Mapadri Weupe, lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Wamisionari hao walikuwa na desturi ya kuwakomboa watoto wa utumwani kwa kulipa fedha, kisha kuwalea na kuwasomesha. Atiman alikuwa mmoja wa waliokombolewa katika miaka ya 1870. Alipelekwa kaskazini mwa Algeria, akafundishwa kusoma na kuandika, akajifunza Kifaransa, na baadaye akabatizwa kwa jina la Adrian.

Ukombozi huo ulimwondoa katika utumwa, lakini haukumrudisha nyumbani. Njia ya kurudi Niger ilikuwa imefungwa na vita, jangwa na umbali. Mtoto aliyekombolewa alibaki bila ukoo, bila mji na bila mzee wa kumshauri isipokuwa wale waliomlea. Suala la lini na wapi angepata watu wa kuwaita wake lilikuja kujibiwa miaka mingi baadaye, katika nchi ambayo wakati huo hakuwa amewahi kusikia jina lake.

Wazo la Malta

Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882, alitazama bara la Afrika akaona tatizo ambalo linafahamika hata leo. Wazungu aliowatuma kwenye maziwa makuu walikufa kwa homa baada ya muda mfupi. Wenyeji nao hawakuwa na sababu ya kuwasikiliza wageni wasiowajua. Aliamini kuwa Afrika ingefaidiwa zaidi na Waafrika wenyewe, na kwamba mtu mwenye ujuzi wa kutibu angepokelewa hata pale ambapo mhubiri asingepokelewa. Kutokana na fikra hiyo alianzisha chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, ambako vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wangesomea utabibu na kisha kutumwa katika vituo vya ndani ya bara kama matabibu makatekista.

Atiman alikuwa miongoni mwa vijana hao. Walisoma chuoni na kuhudhuria masomo ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Malta. Ulikuwa wakati wa mabadiliko makubwa katika elimu ya tiba. Dawa ya kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji ilikwisha kuzoeleka, na usafi wa vifaa na majeraha, uliofundishwa na Joseph Lister tangu mwaka 1867, ulikuwa umeanza kupunguza vifo vya waliopasuliwa. Mwaka 1880, huko huko Algeria, daktari wa jeshi Alphonse Laveran alikuwa ameviona vimelea vya malaria kwa darubini ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kuwa amekitambua kijidudu cha kifua kikuu.

Pamoja na hayo, mengi yalikuwa bado gizani. Hakuna aliyejua kwa hakika kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Chanzo cha malale kilikuwa hakijajulikana. Dawa za kuua bakteria mwilini hazikuwapo. Tabibu aliyehitimu mwaka 1888 aliondoka chuoni akiwa na kwinini, dawa za kusafishia majeraha, chanjo ya ndui, visu vya upasuaji na uwezo wa kutazama na kupima. Ndivyo vitu ambavyo Atiman alitakiwa kuvitumia kuanzisha tiba katika nchi pana isiyo na barabara.

Safari ya kwenda ziwani

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka mzito katika historia ya Afrika Mashariki na katika maisha ya Atiman. Lavigerie alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihutubia dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka huo huo msafara wa wamisionari, akiwamo Askofu Léonce Bridoux, ulisafiri kuelekea Ziwa Tanganyika, na Atiman akiwa ndani yake. Walifika pwani wakati Wajerumani wakijaribu kujiimarisha na wenyeji wakiongozwa na Abushiri wakipinga kwa silaha.

Kutoka pwani hadi ziwani hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Msafara ulikwenda kwa miguu kupitia nyika, mabwawa na misitu ya miombo, mizigo ikibebwa na wapagazi vichwani na mabegani. Njia waliyopita ilikuwa ile ile iliyotumiwa kuwashusha watumwa na pembe za ndovu kutoka bara. Kijana aliyevushwa jangwa la Sahara akiwa mateka sasa alipita njia nyingine ya watumwa akielekea upande wa pili, akiwa mtu huru na mwenye taaluma.

Alifika Karema mwaka 1889. Kituo hicho kilikuwa na historia fupi lakini yenye misukosuko. Kilijengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, kikiwa ngome yenye kuta nene karibu na maji. Baadaye maji ya ziwa yalishuka na kuiacha ngome mbali na ufuko. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, na ngome ikawa misheni. Kando yake waliishi watu waliokimbia uvamizi, watoto waliokombolewa na jamii za Wabende na majirani zao. Kwa miaka kadhaa usalama wa vituo vya misheni katika sehemu hizo za ziwa ulitegemea juhudi za Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyejitolea kuvilinda dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa.

Ukoo mpya

Katika jamii ya wakati huo, mtu asiye na ukoo alikuwa mtu asiye na ulinzi. Watu waliomwona Atiman kwa mara ya kwanza waliona Mwafrika mwenzao kwa rangi, lakini mgeni kwa lugha, mavazi, dini na kazi. Hakuzungumza lugha zao. Hakuwa na jamaa wa kumtetea ikiwa mgonjwa angefia mikononi mwake. Tabibu mgeni ambaye mgonjwa wake amekufa angeweza kushukiwa kuwa mchawi.

Atiman alijifunza lugha ya watu aliowatibu na kuishi kama wao. Alimwoa Agnes Wansahira, aliyetoka katika ukoo wa kitawala wa Wabende. Kwa ndoa hiyo mtoto wa Tundurma alipata wakwe, mashemeji na mahali pa kusimama katika baraza la wazee. Hakuwa tena tabibu wa misheni tu, bali mkwe wa nchi. Mtoto wao, Joseph, alisomea upadri na kupadirishwa mwaka 1923. Kwa mtu aliyenyang'anywa wazazi akiwa mdogo, kushuhudia mwanawe akisimama altareni mbele ya watu wa ziwa ilikuwa ishara kwamba ukoo uliokatwa huko Niger ulikuwa umechipua tena Karema.

Wapo wanaoisimulia ndoa hiyo kama jambo la kifamilia tu. Kwa upande wa huduma ya afya ilikuwa na maana kubwa. Tabibu aliyeoa kijijini na kulea mtoto kijijini hakuwa akihesabu siku za kuondoka. Alijua nani ni ndugu wa nani, ugonjwa gani ulipita katika nyumba ipi, na mama yupi alipoteza watoto wangapi. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa ziara ya siku moja. Ndio msingi wa kile ambacho leo wataalamu hukiita huduma ya afya ya msingi.

Kazi ya kila siku

Tabibu wa mahali kama Karema hakuwa na anasa ya kuchagua wagonjwa. Bingwa wa mifupa, wa macho, wa watoto na wa wajawazito wote walikuwa mtu mmoja. Asubuhi walimjia wenye homa na kuhara, wenye vidonda vya miguu visivyopona, wenye macho mekundu na watoto waliodhoofu. Wapo waliojeruhiwa na wanyama katika nyika iliyojaa simba, nyati na tembo, na wapo waliojeruhiwa na wanadamu wenzao. Atiman alijulikana kwa mkono wake katika upasuaji, kazi aliyoifanya mbali na hospitali yoyote kubwa na bila daktari mwingine wa kumwomba msaada.

Wagonjwa wengine hawakuweza kufika. Tabibu aliwafuata kwa miguu kupanda vilima vinavyolizunguka ziwa, au kwa mtumbwi kuambaa na ufuko. Umbali ambao leo gari la wagonjwa hulalamikiwa likichelewa kuumaliza, wakati huo ulichukua siku nzima au zaidi. Mara nyingi habari ya ugonjwa na tabibu mwenyewe vilipishana na mauti njiani.

Magonjwa ya mlipuko yaliongeza uzito wa kazi hiyo. Ndui ilikuwa tishio la mara kwa mara katika njia za misafara, na kinga yake pekee ilikuwa chanjo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliingia katika fukwe za maziwa makuu. Mwaka 1903 uchunguzi uliofanywa Entebbe ulithibitisha kwamba ugonjwa huo unasababishwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Robert Koch alikuja Afrika Mashariki mwaka 1906, akafanya kazi katika visiwa vya Sese, na Wajerumani wakaanzisha kambi ya wagonjwa huko Kigarama, Kiziba, katika mkoa ambao leo ni Kagera. Dawa iliyotumika, atoksili, iliwasaidia baadhi ya wagonjwa na kuwapofusha wengine. Katika Ziwa Tanganyika watu walihamishwa kutoka ufukoni ili kuwaepusha na mbung'o, wakaacha mashamba yao na uvuvi. Biharamulo nayo ilionja hatua kama hizo wakati wa utawala wa Waingereza, watu walipokusanywa katika makazi ya pamoja kuepuka malale. Karema na Biharamulo, ingawa zinatenganishwa na mamia ya kilomita, ziliunganishwa na inzi mmoja.

Vita na tawala tatu

Atiman alifanya kazi chini ya tawala tatu bila kubadili kituo chake. Alipofika, mamlaka ya Wajerumani ilikuwa haijafika ziwani kwa vitendo. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza uliiweka Karema upande wa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Ziwa Tanganyika likawa uwanja wa mapambano kati ya meli za Wajerumani kwa upande mmoja na za Wabelgiji na Waingereza kwa upande wa pili. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka na kuuteka mwambao wa mashariki, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, ile ambayo baadaye iliibuliwa na kuitwa Liemba. Baada ya vita nchi iliwekwa chini ya Waingereza kwa jina la Tanganyika.

Kwa wakulima na wavuvi wa ziwa, vita hivyo vilimaanisha vijana kuchukuliwa kuwa wapagazi, chakula kuporwa na maradhi kuenea. Homa kali ya mafua ya mwaka 1918 na 1919 iliua watu wengi katika Tanganyika kama ilivyoua duniani kote. Watawala walibadilishana bendera na maofisa, lakini mgonjwa wa Karema aliendelea kubisha hodi katika mlango ule ule.

Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilianza kusaidia uanzishaji wa zahanati ndogo chini ya serikali za wenyeji, zikihudumiwa na wasaidizi waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Katika kipindi hicho pia sindano za kutibu buba zilienea. Wagonjwa waliokuwa na vidonda mwili mzima walipona ndani ya wiki chache, na sifa ya sindano ikaenea vijijini kwa namna ambayo hakuna tangazo lolote lingeweza. Baadaye zikaja dawa za salfa, na baada ya Vita Kuu ya Pili penisilini. Tabibu aliyeanza kazi kabla mbu hajajulikana kuwa adui alizeeka katika zama za dawa za kuua bakteria.

Mwaka 1946, akiwa amekwisha kutumikia zaidi ya nusu karne, masimulizi ya maisha yake aliyoyatoa mwenyewe yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni miongoni mwa kumbukumbu chache zilizoachwa na Mwafrika aliyeonja utumwa na kisha kufanya kazi ya kitaaluma katika nchi hii kabla ya Uhuru. Katika uzee wake alitunukiwa nishani kwa utumishi wake. Alifariki dunia Karema mwaka 1956 akiwa na umri wa takriban miaka 90, akazikwa miongoni mwa watu aliowafanya kuwa wake. Miaka mitano baadaye Tanganyika ikawa huru.

Mpango uliokatika

Sifa za Atiman zisizibe sehemu nyingine ya historia hii. Chuo cha Malta kilifungwa mwaka 1896. Mpango wa kuwafundisha Waafrika utabibu kwa wingi uligharimu sana, na wahitimu wake waliodumu kazini walikuwa wachache mno. Lavigerie alikuwa amefariki mwaka 1892, na wazo lake likakosa mtetezi. Atiman akabaki kama mti mmoja uliosimama baada ya shamba kuachwa.

Matokeo yake yalionekana kwa muda mrefu. Kwa zaidi ya nusu karne wakoloni hawakuwa na chuo kikuu cha kufundisha madaktari katika Tanganyika. Vijana wachache waliopata nafasi walikwenda Makerere, Uganda, na baadhi yao walitoka Bukoba. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wakati wa Uhuru mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari wazalendo wapatao 12. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Kama mfano wa Karema ungeigwa katika kila eneo tangu mwaka 1889, nchi isingeanza safari yake ikiwa na idadi ndogo kiasi hicho.

Lingine la kutafakari ni kwamba kwa miaka 67 afya ya eneo zima ilitegemea afya ya mtu mmoja. Siku alipougua yeye, hapakuwa na wa kushika zamu. Siku alipokwenda kwa mgonjwa wa mlimani, wa ufukoni alisubiri. Uaminifu wake ulikuwa mkubwa, lakini uaminifu wa mtu mmoja hauwezi kuwa mfumo.

Kutoka mtu mmoja hadi mfumo

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliamua kuelekeza nguvu vijijini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaweka mkazo katika vituo vya afya, zahanati na mafunzo ya waganga wasaidizi, wauguzi na wakunga badala ya kuongeza hospitali kubwa za mijini pekee. Tanzania ilikuwa imeanza kuitembea njia hiyo kabla mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 haujaitangaza huduma ya afya ya msingi kuwa lengo la dunia. Katika kipindi hicho Wizara ya Afya iliongozwa, kati ya mwaka 1975 na 1980, na Dk. Leader Stirling, aliyekuwa daktari wa vijijini kusini mwa nchi kwa miaka mingi kabla ya kuwa waziri. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 uliweka lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Ngazi hizo ndizo anazozijua mwananchi wa leo. Mgonjwa wa Murukulazo huanzia zahanati, akapewa rufaa kwenda kituo cha afya, kisha hospitali ya ngazi ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bukoba, na ikibidi Bugando jijini Mwanza. Ngara na Biharamulo, kama Karema, ni wilaya ambako sehemu kubwa ya historia ya tiba iliandikwa na hospitali za mashirika ya dini zikishirikiana na Serikali. Umuhimu wa mfumo huo ulionekana wazi mwishoni mwa Aprili 1994, takriban wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa takriban siku moja. Hakuna tabibu mmoja, hata awe hodari kiasi gani, ambaye angeweza kukabiliana na mzigo huo peke yake.

Hata hivyo mfumo usio na watu wanaokaa ni kuta tupu. Changamoto ya kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya katika maeneo ya mbali haijamalizika. Nyumba ya mtumishi, barabara inayopitika wakati wa masika, shule ya watoto wake na heshima anayopewa na wanakijiji vina uzito sawa na dawa zilizomo kabatini. Jamii ya Karema ilimpokea mgeni, ikampa mke, lugha na nafasi, naye akabaki. Wajibu huo wa jamii haujaondolewa na sera yoyote.

Jina linaloendelea

Jina la Atiman halijafutika. Hospitali mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake, na Jijini Dar es Salaam nyumba ya shirika lililomkomboa inalibeba pia. Karema yenyewe imebadilika. Bandari mpya imejengwa katika ufuko ambao zamani ulipokea mitumbwi ya watu waliokimbia watumwa, na barabara inaiunganisha na miji ya Katavi. Kuta za kale za misheni bado zinawakumbusha wapitaji kwamba hapo palikuwa ngome kabla ya kuwa mahali pa kuponya.

Waliomteka walimthaminisha kwa bei ya soko. Watu wa ziwa walimthamini kwa kazi ya mikono yake. Kati ya thamani hizo mbili, ya pili ndiyo iliyodumu. Mtumishi anayefika leo katika zahanati ya mwisho wa barabara, Karema au Murukulazo, anafuata njia ambayo mmoja aliitembea kabla ya kila mtu, kwa miguu.